Mkasi wa Dada

Mkasi aliotuachia marehemu mama ulikuwa ndani ya sanduku langu la vifaa vya kuchomelea. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo niliuvaa shingoni. Dada alijua. Kila asubuhi alibeba vitambaa vya wateja wake kwenda kwa fundi jirani vikatwe, kisha akarudi kuvishona nyumbani. Fundi cherehani asiye na mkasi! Wateja walicheka, halafu wakaanza kuhama.

Sikuuficha kwa roho mbaya. Ugonjwa ulipompanda mara ya mwisho, dada alikata mapazia yote, mashuka yote, na suti yangu ya pekee, akisema mtaa mzima utavaa sare. Tukampeleka hospitali ya akili. Walipomruhusu, hawakuniambia neno. Nilitoka kazini nikamkuta ameketi kizingitini na mfuko wa dawa ambazo sikujua zinamezwaje. Mimi ninayempikia, mimi ninayekesha naye, nikafanywa si mtu si kitu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba watafiti wa hospitali ile wanataka kuwasikiliza watu wanaouguza ndugu zao majumbani, damu ilinichemka kwa furaha. Dada akasema naye atakuja.

"Njoo uone ndugu yako anavyowatoa jasho," nikamwambia.

"Haya, Kiberiti. Usituunguze tu."

Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa duara, na feni ililia kama bawaba kavu. Daktari, mama wa makamo aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alisema wanataka tuwasaidie kujua utafiti wao uulize nini, na watu wa nyumbani washirikishweje katika maamuzi ya matibabu. Sikungoja zamu. Nilisimama.

"Mnaamua bila sisi! Mnamfungulia mtu lango kama mnavyofungulia kuku, halafu mzigo unaangukia kichwani kwa nani? Anayemjua ni mimi. Niulizeni mimi!"

Makofi yalilia. Mzee mmoja anayemuuguza mkewe akagonga bakora sakafuni. "Wape, kijana! Wape!"

Daktari hakukasirika. "Una haki," akasema. "Tulikosea." Kisha akamgeukia dada. "Na wewe, usingizi ukoje siku hizi?"

"Analala vizuri," nikajibu.

"Chakula?"

"Anakula."

"Na kazi?"

"Kazi anafanya, ila..."

"Samahani, daktari," dada akasema. "Mimi nimekuja hapa kama mtu, au kama mkoba wake?"

Chumba kizima kiliangua kicheko.

"Silali vizuri," akaendelea. "Natulia tu kitandani ili yeye apate usingizi. Na kama mnatafuta swali la utafiti, muulizeni huyu ufunguo wa shingoni ni wa nini."

Mzee yule yule, msaliti mkubwa, akapaza sauti: "Mkuki kwa nguruwe mtamu!"

"Kwa binadamu mchungu!" wakamalizia wote.

Niliketi, masikio yakiwaka. Nikaeleza habari ya mkasi. Nikaeleza mapazia na suti. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema: "Naogopa. Ikianza tena, niko peke yangu."

Hakuna aliyecheka.

"Kabla ya mapazia," daktari akamuuliza dada, "kuna kitu kilibadilika?"

"Nilikata bila kupima," dada akasema polepole. "Niliona nayajua mabega ya watu wote kwa macho tu. Nikianza hivyo, aniombe mkasi, nitampa. Lakini aniombe. Asiufiche."

"Na ukikataa?" nikauliza.

"Nikikataa, mpigie daktari. Nakuruhusu leo, mbele za watu, nikiwa na akili zangu zote."

Daktari akatupa namba yake, akamwambia dada abaki baada ya kikao waongee juu ya dawa na usingizi. "Na safari nyingine akilazwa," akaniambia, "hatoki hapa kabla sijazungumza nawe. Mwenyewe akikubali."

"Nimekubali," dada akasema. "Ila asihutubie."

Tulipofika nyumbani nilifungua kufuli, nikampa mkasi kwa mikono miwili. Akaujaribu hewani. Ukalia kwa shida.

"Umeuacha ushike kutu! Na wewe ni fundi chuma. Huoni haya?"

Nikauondolea kutu kwa msasa, nikautia mafuta. Nilipogeuka, dada alikuwa ametandika mezani kitambaa cheusi ambacho sikuwahi kukiona, na futi imening'inia shingoni mwake.

"Simama wima."

Akanipima mabega, akaandika kwa chaki. Akarudia kuyapima.

"Mbona mara mbili?" nikauliza.

"Ili ulale usingizi," akasema. "Inua mkono. Na hebu funga mdomo kidogo, nafanya kazi."

Nikainua mkono. Nikafunga mdomo.