Vidonge Thelathini

Wenzake walimpachika jina la Mama Presha, kwa kuwa kila walipokwenda kujitolea hakukubali meza nyingine ila ya kupima presha. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye miguu ya kuvimba akisimama sana na mdomo usiokaukiwa utani. "Lete mkono huo," aliwaambia wanaume waoga, "siukati, nauazima tu."

Mwaka huo kambi ya matibabu ya bure ilirudi katika kijiji kilekile walichokwenda mwaka uliotangulia, kule ambako barabara inakwisha na gari linaendelea kwa kubahatisha. Waliifungua katika madarasa mawili ya shule ya msingi. Kufikia saa tatu asubuhi foleni ilikuwa imeuzunguka uwanja, na waliotoka mbali walikuwa wamejinyoosha kwenye kivuli cha ukuta.

Zamu ya mwanamke mmoja wa makamo ilipofika, hakunyoosha mkono. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa bahasha ndogo ya dawa iliyochakaa, akaiweka mezani.

"Sikuja kwa ajili yangu, dada. Nimekuja kumchukulia mume wangu nyingine. Zimebaki mbili."

Mama Presha aliigeuza ile bahasha. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: kimoja kila siku, usiache. Tarehe ilikuwa ya mwaka jana.

"Hivi vilikuwa vidonge thelathini," alisema. "Vya mwezi mmoja. Vimebakije?"

"Alikuwa anavibania. Siku kichwa kikimgonga ndiyo anameza. Nikimsema ananijibu, nesi kaniambia nisiache, sasa vikiisha si nitakuwa nimeacha?"

"Na anaendeleaje?"

"Hajambo kiasi. Tangu mvua zilizopita upande wa kulia haumtii tena." Alilisema bila lawama, kama mtu anayetoa habari za shamba. "Ndiyo maana hakuja mwenyewe. Anawasalimu sana, na anawashukuru."

Hizo shukrani ndizo zilizomkata maini Mama Presha. Alimpima mgonjwa aliyefuata, akaandika tarakimu, kisha akagundua hakumbuki alichoandika. Akampima upya.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alibeba mashine yake akafuatana na yule mwanamke. Mumewe alikuwa seremala. Walimkuta ameketi kitandani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Ukutani randa na misumeno vilining'inia, vimeshika vumbi.

"Nesi," alisema kwa ulimi mzito, "umenenepa."

Mkewe akamkemea, wote watatu wakacheka. Mama Presha alipomaliza kumpima hakucheka tena. Alivuta kigoda, akaketi.

"Kaka, kuna jambo lazima nikwambie. Dawa ile ni ya maisha. Nililijua hilo siku nilipokupa. Na nilijua mwezi ukiisha huna pa kupata nyingine. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nikakukabidhi bahasha nikaita anayefuata."

Seremala alimgeukia.

"Kwa hiyo siyo ukaidi wangu?"

"Siyo wako. Hata ungemeza kila siku, vingekufikisha mwezi tu."

Aligeukia ukutani. Mabega yakaanza kumtikisika, na mkewe akadhani ni hasira, akamshika.

"Mwaka mzima," alisema, "nimejilaani mwaka mzima."

Mama Presha alirudi shuleni moja kwa moja hadi kwa daktari kiongozi, kijana wa umri wa kuwa mwanawe.

"Mama yangu," daktari alimwambia baada ya kumsikiliza, "sisi ni watu wa siku mbili. Hatuwezi kukibeba kijiji."

"Basi tusipime. Unamwambiaje mtu ana ugonjwa wa maisha, halafu unapanda gari?"

Daktari aliagiza daftari la mwaka jana, wakaanza kupekua pamoja. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamepewa bahasha kama ile. Jioni waliita majina yao uwanjani. Wanne walikuwa wamekwisha zikwa.

Tangu hapo daktari alitafuta dawa, na kila baada ya miezi miwili Mama Presha alipanda basi na boksi la dawa hizo, kisha pikipiki, kisha akamalizia kwa miguu ile inayovimba. Mwalimu mkuu alimpa stoo ya shule. Mke wa seremala ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba siku moja kabla, akiwakumbusha watu, na ole wake aliyesingizia kazi.

Mkono wa seremala haukurudi. Aliishi miaka miwili na ushee, akifundisha vijana kwa maneno kazi ambayo hakuweza tena kuishika, hadi kiharusi cha pili kilipomchukua. Siku ya dawa iliyofuata Mama Presha hakumtarajia mjane. Alimkuta yuko mlangoni mwa stoo, katika nguo za msiba, amekwisha wapanga watu.

"Pole, wifi," alimwambia.

"Nimeshapoa," yule mjane alijibu. "Anza na wazee, wametembea."

Mama Presha akafungua boksi.