Mkaa wa Kibuyu

Kikundi cha afya cha mtaa kilikuwa kimeshakubaliana: Jumamosi, lango la chemchemi ya bondeni lifungwe kwa kufuli. Watoto wa ploti za chini, pembeni mwa mji wa Litein, waliharisha kila mwezi. Wa ploti za juu, zenye mifereji, walikuwa wazima. Chemchemi ikifungwa, wapangaji wa chini, wengi wao wachumaji chai wa kibarua, wangenunua maji.

Chepkurui, mhudumu wa afya wa mtaa, hakuridhika. Nyumba kumi na nne zilichota pale, na zote zilitia dawa ya maji papo hapo chemchemini. Mbona zilizougua ni sita tu?

Alhamisi alichukua chupa ya kupimia, ambayo maji yakiwa na dawa hugeuka pinki, akaenda kwa Adoyo, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa mara mbili.

"Dawa unatia?"

"Natia, daktari."

"Mimi si daktari."

"Basi mbona unapima kama daktari?"

Maji ya chemchemi yenye dawa, aliyoyachota njiani, yaligeuka pinki. Ya mtungi wa Adoyo yalibaki meupe. Chepkurui akarudia, meupe. Akanusa.

"Hayana harufu."

"Si ndiyo raha yake? Janeffer alinifundisha. Nikiweka mkaa, harufu inaisha."

Janeffer alikuwa mwenye ploti, tena mwenyekiti wa kikundi. Mkaa wenyewe ulikuwa wa mti wa senetwet, ule ambao Wakipsigis huupaka ndani ya vibuyu vya maziwa. Chepkurui aliupaka tangu utotoni, na hakuwahi kujiuliza harufu huenda wapi. Alizungukia nyumba zote. Sita zilikuwa na mkaa mtungini. Nane hazikuwa nao.

Jumamosi, kabla ya kufuli kutundikwa, aliwaeleza wanakikundi.

"Unasema mkaa wa mama yangu ni sumu?" Janeffer aliuliza.

"Hapana, mama. Unafyonza harufu, na dawa inaenda nayo." Chepkurui akatoa chupa yake na kipande cha mkaa.

"Huo wako siujui. Tumia wangu."

Mkaa wake ukaletwa. Wakajaza maji yenye dawa glasi mbili, moja wakaikoroga na mkaa, nyingine wakaiacha, wakangoja nusu saa, kisha wakapima. Isiyo na mkaa ikawa pinki. Ya mkaa ikabaki nyeupe. Janeffer akaiinua juani akaitazama.

"Na maziwa?"

"Maziwa hatuyatii dawa."

Akarudisha kufuli mkobani. "Twende hizo nyumba sita. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Na harufu je?" mtu akauliza.

"Mtavumilia."

Adoyo, aliyekuwa akisikiliza, hakungoja wamfikie. Alikuwa ameshashuka bondeni kuusugua mtungi wake utoke mkaa.