Paja la Kulia

…na barafu nayo inayeyuka, imeshapenya kwenye kitambaa na inanichuruzika mpaka gotini, na mimi bado nimekaa ukingoni mwa kitanda, gauni nimelipandisha, kalamu ya sindano ya mifupa mkononi, kifuniko nimeshakitoa, choma basi, Khole, najiambia, ni kufumba na kufumbua, nesi ndivyo alivyosema, hutosikia kitu bibi, mtoto wa juzi yule, mikono imejaa hina, anajua nini yeye juu ya paja linalochomwa kila siku ya Mungu tangu Ramadhani… hapa, hapahapa, pamefanya uvimbe mgumu kama kokwa ya tende, pekundu, pana moto, shuka likigusa tu nashtuka, na jana nimepakanda kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu, kama tulivyokuwa tukikandwa Unguja, kabla ya kuja huku Omani, kwa kila kitu, uzazi, baridi, kuanguka mtini, na nesi aliniambia baridi tu, bibi, na usipasugue, nikaitikia ndiyo, nikarudi nyumbani nikasugua, na asubuhi pameumuka zaidi, kichwa kigumu mimi, marehemu mama alisema tangu zamani.

Ahlam yuko ukumbini na simu, anazungumza na kaka yake aliyeko Nizwa, mwanangu huyu sauti yake haijui kunong'ona, "La, la, Hashil, Mama zein, mzima, wallah, anachoma mwenyewe, kila siku baada ya alasiri, hasahau hata siku moja…" hata siku moja, Mola nisamehe, leo Jumatano, Jumamosi niliingia msalani nikabonyeza kalamu juu ya sinki, tone moja dogo, nikafungua maji likaenda zake, nikasema leo tu, nipumzike leo tu, na Jumapili nikasema leo tu, na Jumatatu, na jana, na dawa ndani ya kalamu inashuka kama inavyotakiwa, Ahlam akirudi kazini anaiinua kwenye mwanga, anaona imepungua, ananibusu kichwani, sahha Mama, afya, na mimi naipokea busu ile, mwizi mtu mzima mwenye mvi… "Ijumaa, khalas, tukutane Wadi Bani Khalid, Mama ataweza kutembea mpaka kwenye maji, mifupa yake sasa imekuwa mazuri," mifupa yake imekuwa mazuri, mtoto huyu na Kiswahili chake, mifupa ipi, Ahlam, mifupa ya mama yako imo kwenye bomba la sinki, na pale wadini, bondeni, ni mawe matupu, nikiteleza mara moja tu…

Bimdogo hakuteleza hata kwenye mawe, dada yangu wa tumbo moja, jikoni kwake Sur, aligeuka kuchukua birika, kugeuka tu, nyonga ikavunjika na akaanguka, miezi mitano kitandani akitazama dari, yeye aliyekuwa hatulii, na mwisho nikamuosha kwa mikono hii, alikuwa mwepesi, Ya Rabbi, mwepesi kama nguo zilizoanuliwa, na siku ya tatu ya matanga tulipokunja godoro lake nikakuta kopo la halwa, nikalitikisa, linalia, vidonge vyake vya mifupa, vile vya kila wiki, vyote, vingine vimeshika vumbi, nikakumbuka aliwahi kushika kifua siku moja akasema kinaungua, mara moja tu, kisha akacheka akanisogezea kahawa, na tukimuuliza, umekunywa dawa, anajibu nimekunywa, nimekunywa, kila mara… nililificha kopo mkobani, sikumwambia mtu, nimelia njia nzima kutoka Sur mpaka Ibra, na si kwa huzuni, kwa hasira, ungesema tu, Dada, ungesema zinakuunguza, daktari angekupa nyingine, nani angekucheka.

Nani angekucheka… na mie sasa, mbona mkono hausogei, paja la kulia tena, kwa nini kila siku la kulia, nesi alisema leo hapa kesho kule, mpaka akanichorea kikaratasini, duara huku na duara kule, nami nikakitia kikaratasi ndani ya msahafu, na bado nachoma kulekule, kwa sababu kila jambo naanza upande wa kulia, naingia ndani kwa mguu wa kulia, kutawadha kulia, kuvaa kulia, basi na sindano nikaitia Bismillahi kulia, na la kushoto nikalionea huruma, ndilo ninalolikalia kwenye tahiyatu, lisije likaniuma nikaharibu sala… na nasali kitini mwaka wa pili huu, kitini, Khole, paja la kushoto unamhifadhia nani? Limekaa pale, laini, jeupe, halijui lolote, na mwenzake kafanywa jalala. Lingenichekesha jambo hili kama lingekuwa la mtu mwingine, ningelimsimulia Bimdogo tukashikana mbavu, naye labda, kwa kucheka, angeniambia habari ya kopo.

Maji yameshafika kifundoni. Sindano ingali hewani, nyembamba, kitu cha kuchekesha kumtia hofu mwanamke aliyezaa mara sita, na hofu yangu si sindano, naogopa kuonekana nalalamika, naogopa wasije wakasema Mama kazeeka hawezi, na Bimdogo aliogopa hivyohivyo, godoro lake lilijua… viatu vya Ahlam vinakuja, vinasimama nje ya mlango, haingii, ana adabu, anajua nimefunua paja.

"Mama, Hashil anasema shikamoo. Umeshachoma?"

Nimeshachoma, neno limeshafika ulimini, limezoea njia, linatoka lenyewe kama la Bimdogo.

"Marahaba, mwambie. Sijachoma, Ahlam. Tangu Jumamosi sijachoma. Inauma."