Moshi wa Mbegu

Bodaboda haijasimama sawasawa, Joyceline akaruka chini. Moshi! Moshi mzito ulikuwa ukipenya kwenye paa la jiko la mama yake, Esperansia. Pasaka alipoondoka hapa Kirushya, ungeweza kukaa mle ndani na gauni jeupe.

"Shikamoo mama. Kitofali nilichokuwekea jikoni kiko wapi?"

"Marahaba. Hata maji hujanywa!" Esperansia alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari alishasema wazi: mwaka mwingine wa moshi, na kifua hicho hakitapona.

Kitofali kilikuwa kabatini, kimeviringishwa kwenye kitenge cha Jumapili. Joyceline alikigeuzageuza. Miaka miwili ya maabara ilikuwa humo: kauri iliyochapwa na printa, tabaka juu ya tabaka, yenye vijia vyembamba, kisha ikapakwa unga wa kichocheo wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kikipata joto, moshi unaopita humo unaungua. Mara ngapi unga ule ulimbandukia tanurini, mpaka alipopata udongo unaosinyaa sawa na unga wenyewe! Sasa hakikuwa na hata ufa.

"Kimeharibika wapi, mama?"

"Hakijaharibika. Kimefanya kazi mno." Esperansia alinyoosha kidole juu.

Kwenye kichanja juu ya jiko yalining'inia mahindi ya mbegu. Joyceline alishusha fungu moja, vumbi jeupe likammwagikia viatuni. Fukusi walikuwa wamekula mpaka kiini.

"Moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza. Mvua zinakuja, mwanangu, na nusu ya majirani hapa wanapanda mbegu zangu. Kifua ni changu peke yangu."

Joyceline aliona aibu, aibu ya kweli. Amekulia chini ya kichanja hiki, amepima kila kilichomo ndani ya moshi huu, na hakuwahi kuinua macho.

Alikirudisha kitofali kwenye tundu la kutokea moshi, akayabeba mahindi yaliyosalia hadi kibanda cha mbuzi kilichobaki kitupu. Akayatundika, akapanga mafiga, akawasha moto na kuujazia kuni mbichi. Upepo ukageuka, moshi wote ukamjia usoni. Akabaki hapohapo akichochea, machozi yakimtiririka.

Jikoni, mama alikuwa akikoroga maharage, hakohoi. Kisha sauti yake ikasikika.

"Joyceline! Nani huyo anakohoa huko nje?"

"Ni mimi, mama. Endelea kupika."