Mavuno Mawili ya Maharagi

Mwaka 2001, vita vilipopoa kidogo, Malachie, mwindaji, na mkewe Adèle walirudi kijijini kwao Kasugho kutoka mji wa Butembo walikokimbilia. Njia nzima watu waliwaambia neno lile lile: basoda, wale wanajeshi, wamemaliza pongo wote, swala wa pori. Na mwindaji bila pori ni nini? Ni mbeba mizigo wa sokoni Butembo, kazi ambayo Malachie aliichukia kuliko njaa yenyewe.

"Baba Léa, niko na kopo moja ya maharagi," Adèle alimwambia. "Kama nyama iko, tunapanda, tunabaki. Kama hapana, naipika, tunakula, tunarudia Butembo."

Usiku ule ule akayaloweka maharagi, tayari kwa kupika. Ndivyo alivyokuwa Adèle: anakupa nafasi huku mzigo ameshaufunga.

Malachie alikuwa ametega waya mmoja kwenye njia ya zamani ya wanyama. Alfajiri akaenda kuuangalia, tumbo tupu. Hajafika, akasikia kitu kinabweka kwa sauti nzito. Mbwa? Kasugho nzima haikubaki na mbwa hata mmoja. Akainama chini: alama za kwato nyembamba za jike, na nyuma yake za kwato pana za dume, zimekanyaga pale pale. Akainua macho, akawaona pongo wawili, dume ndiye anayebweka. Jike alikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye waya.

Moyo ulimruka kwa furaha, kisha aibu ikamshika. Tangu babu zao, dume akianza kubweka nyuma ya jike, mitego yote hufunguliwa, maana waya haujui kuchagua. Hutegwa tena baada ya mavuno mawili ya maharagi, jike akiwa amezaa. Yeye alitega bila kuuliza wala kusikiliza. Mjini nani anahesabu siku kwa maharagi? Akapiga makofi. Pongo wakaruka, wakapotea majanini, naye akaukata waya.

Alimkuta Adèle anawasha moto, sufuria iko tayari.

"Nyama iko wapi?"

"Iko ku pori, Mama Léa. Dume iko nabembeleza bibi yake."

Adèle alimtazama sana. "Mbili?"

"Mbili. Ngoja mavuno mawili, batakuwa batatu."

"Na leo tunakula nini?"

"Majani ya muhogo. Kama jana."

Adèle akaguna, akaondoa sufuria motoni kabla maji hayajapata moto. Akayamwaga, akakusanya maharagi ndani ya kitenge, akachukua jembe.

"Kuya basi," alisema, akimpungia mkono amfuate shambani. "Zimeisha kulowa, zitaota mbio."