Tengo, Alisema Costansia

Jumamosi moja ya Julai, saa tatu asubuhi, Costansia alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake Nyakatuntu akichagua kahawa mkekani. Mbovu alizitupa kushoto, nzuri kulia, na zile za kutafuna alizitia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, kwa sababu kesho yake wangekuja wageni. Wageni wenyewe walikuwa wazee wa ukoo wa marehemu mumewe, Jovin, na walikuwa wanakuja kuamua kibanja, lile shamba la migomba na mibuni lililozunguka nyumba, kibaki kwa nani.

Mjukuu wake Edith alikuwa mlangoni na daftari. Edith alitaka kuingia usista, na shirika alilolipenda lina nyumba mama huko Hispania, kwa hiyo wasichana hufundishwa Kihispania mapema. Wiki hiyo walikuwa wamepewa kitenzi kimoja cha kukariri.

"Tengo, tienes, tiene," alisema Edith. "Tenemos, tenéis, tienen."

"Mbona kinageukageuka hivyo?"

"Ndivyo kilivyo, Bibi. Kikaidi, hakifuati wenzake. Kuna wasichana wamekililia."

"Kama babu yako na vidonge vya presha. Maana yake nini?"

"Kuwa na kitu. Tengo ni nina. Hebu sema, tengo ungo."

"Tengo ungo," alisema Costansia, mikono ikiendelea na kahawa.

Ungo ambao jirani yake Renatha aliuazima tangu Pasaka ukaingia uani kwa njia ya pembeni, ukauzunguka mkeka usije ukamwaga kahawa, ukatulia karibu na kigoda. Juu yake kulikuwa na maharage ya Renatha, kama vikombe viwili. Costansia aliyafunga kwenye jani la mgomba, akamtuma Edith ayarudishe, maana maharage si yake.

Edith aliporudi walijaribu vingine. Jembe lilikuja kutoka shambani kwa Bigirimana, jirani mwingine aliyeliazima, likiwa bado na udongo mbichi. Edith akasema tengo pikipiki, akacheka, na haikuja hata tairi. Wakaelewa kwamba neno lile humwitia mtu kilicho chake tu. Costansia alisema ni neno lenye adabu, akamaliza kahawa, akaenda kumenya ndizi.

Jumapili baada ya misa wazee wanne walifika. Aliyewaongoza alikuwa Polikarpi, na mmoja wao alishika daftari la ukoo. Rwegoshora, mdogo wake Jovin, alikuja nao akiwa amevaa koti lilelile alilovaa kwenye mazishi. Costansia alipiga magoti, akawaamkia, akapitisha kahawa. Kila mmoja alichukua punje chache, akatafuna.

"Kahawa yako ina utamu, mke wetu," alisema Polikarpi. "Sasa. Jovin hakuacha mtoto wa kiume. Binti yenu ameolewa Bugomora, ana kwao. Kibanja ni cha ukoo, na Rwegoshora ndiye damu."

"Nimekilima miaka arobaini na mmoja," alisema Costansia. "Mibuni ile ya chini niliipanda nikiwa na mimba ya miezi minane. Jovin mwenyewe amelala humo. Nikitoka, nani atapalilia kaburi?"

"Sheria ya serikali inamtambua mjane," alisema Edith.

"Serikali iko wilayani, mjukuu wangu," alisema Rwegoshora. "Wewe nenda ukatuombee."

Wazee walicheka kidogo. Costansia alifuta mikono kwenye kitenge.

"Tengo kibanja," alisema.

Migomba ikatoka ardhini. Ilianza ile ya karibu na jiko, ikikung'uta udongo mizizini, ikafuata ya katikati. Yenye mikungu mizito ilikuja polepole, kila mmoja umeshika mti wake wa kuegemea kama mzee na fimbo. Nyuma yake ikaja mibuni, kisha miramura, ile mimea ya mpakani, kwa mstari. Mwisho kabisa likaja kaburi la Jovin na msalaba wake wa saruji, likatua nyuma ya kigoda cha mkewe. Ua ulijaa. Polikarpi aliuomba mgomba mmoja usogee kidogo kwa kuwa ulimzibia mwandishi mwanga, nao ukasogea.

"Andika," alisema. "Kibanja kimemfuata mjane."

Mwandishi akaandika.

"Tutende haki lakini. Rwegoshora, sema na wewe."

Rwegoshora alisema tengo kibanja mara tatu, ya tatu akiwa amesimama na kofia mkononi. Hakikutikisika kitu.

"Binti, matamshi yake yako sawa?" Polikarpi alimuuliza Edith.

"Yako sawa, Babu."

"Na sisi ukoo mzima, tunasemaje?"

"Tenemos."

Wazee wakajipanga, wakakohoa, wakasema kwa pamoja, "Tenemos kibanja." Jani moja lilianguka, lakini lilikuwa limekauka tangu jana yake. Polikarpi aliagiza na hayo yaandikwe. Kisha alisimama.

"Tumesikia na tumeona. Kibanja ni cha Rwegoshora. Desturi yetu haikuja na Wahispania."

Ilikuwa saa nane na jua lilikuwa kali. Rwegoshora alijaribu kuusukuma mgomba mmoja urudi shambani, ukagoma. Alijaribu wa pili.

"Shemeji," alisema, "itakufa hii."

Costansia aliitazama. Mizizi ilikuwa imeanza kukauka, na majani yalikuwa yanajikunja kingoni. Angeweza kubaki amekaa. Aliinuka, akaushika mgomba wa kwanza kiunoni, akasema, "Twende, mama," akauongoza hadi kwenye shimo lake. Edith alimfuata na ndoo ya maji, akimwagia kila mmoja. Walifanya hivyo kwa migomba yote, mibuni yote, na miramura mpaka wa mwisho. Kaburi walilirudisha mwishoni. Costansia alitembea kando yake taratibu, akipumzika njiani, kama alivyomtembeza Jovin alipokuwa mgonjwa.

Jua lilipozama kila kitu kilikuwa mahali pake. Rwegoshora alizunguka kibanja na panga, akaridhika. Alichagua mkungu mmoja mzuri, akaukata, akamletea shemeji yake asiende kuhamia kwa binti yake Bugomora mikono mitupu.

Costansia alipiga goti, akaupokea kwa mikono miwili, akamshukuru.