Majina Yaliyomeza Namba ya Gari

"Vifaranga wameanza kunyamaza," Nerima alisema mlangoni. "Fundi, hata maji hatuwezi kuwapa humo ndani."

Okochi hakuinua macho kwenye kompyuta. Nje, katika uwanja wa malori wa Malaba, jua lilichoma turubai la pikapu iliyobeba vifaranga wa siku moja kwenda Sop Sop. Lango lilikataa kufunguka. Mashine ilisema gari hilo hailijui.

Programu ya lango aliiandika Okochi mwenyewe, kwa lugha ya C. Mashine ya langoni ina kumbukumbu ndogo, na C inaitosha: jina ni herufi zilizopangwa mstari mmoja, mwisho wake sifuri ya kuonyesha limeishia hapo, basi. Ni nyepesi na ina kasi. Lakini C haimuulizi mtu kama nafasi inatosha. Herufi zikizidi, zinaingia kwa jirani na kufuta alichonacho.

Jirani wa jina la mwenye mzigo alikuwa namba ya gari. Na wanawake wa Sop Sop huvusha mzigo kwa pamoja, kila mmoja akitaka jina lake liandikwe. Hawakubali "Nerima na wenzake". Majina yao yalikuwa yamefurika na kuimeza namba.

"Tuache jina moja tu," Okochi alisema.

"Acha la mama yako," Loy, mwenzake mmoja, alijibu nyuma ya Nerima. "Asiye kwa karatasi anagawiwa vifaranga vilema. Mimi najua."

Kumbukumbu ilikuwa imejaa. Nafasi haikuweza kupanuliwa. Okochi akaamuru zinakiliwe herufi zinazotosha tu. Namba ya gari ikapona, lakini lango likakataa tena. Amri ile, nafasi ikijaa, haiweki sifuri mwishoni, kwa hiyo mashine ilisoma majina ikaunganisha na namba, kama jina moja. Alilijua hilo siku zote. Hofu ilimsahaulisha.

"Mzee, sanduku la juu limetulia kabisa," mlinzi Levis aliita kutoka nje.

Okochi akaitoa herufi ya mwisho, akaweka sifuri mahali pake. Lango likainuka. Karatasi ikatoka na majina ya Nerima, Awor na Winfred. Loy, aliyeandikwa wa mwisho, hakuwamo.

Okochi akachukua kalamu.

"Ukiandika kwa mkono, huko mbele watalirudisha gari hapa hapa," Levis alisema.

Nerima alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, akitazama barabara. Loy alimngoja aseme neno. Nerima akavuta mlango, akaufunga.

"Endesha," Loy alimwambia dereva. Akapanda nyuma, akafunua sanduku la juu, akaanza kuwatoa waliokufa.